Mwaka Dada Alipoanza Kuchekesha

Dada yangu alikuwa mtu wa kunyamaza na mimi nilikuwa mtu wa kusema. Nyumbani kwetu, ndani ndani huko upande wa Mlandizi, mama alizoea kulalamika kwamba Mungu alitupa kapu moja la maneno tugawane, na mimi nikalikumba lote ingawa nilizaliwa nyuma. Dada akiulizwa swali alitazama chini kwanza, akajibu neno moja, na likitosha nusu alitoa nusu. Sijawahi kumsikia akimkatiza mtu. Mimi nilimkatiza kila mtu, na bado nawakatiza.

Aliolewa Kisarawe, kijiji cha vilimani, mwendo mrefu wa miguu kutoka pale mabasi yanapogeuzia. Mumewe alikuwa mkulima wa mihogo na mikorosho, mpole kama yeye, hata watu wakasema nyumba ile majirani watalala vizuri. Mimi nilisomea ualimu nikapangiwa shule ya msingi Visiga. Kila likizo nilifunga safari kwenda kwa dada, nashukia Dar es Salaam, nabadilisha basi, napanda vilima vya Pugu, na nikifika nilikuwa na maneno ya muhula mzima ya kummwagia. Yeye alisikiliza huku akifanya kazi. Hakuna aliyenisikiliza vile maishani mwangu.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Shemeji na dada walitolewa kwenye boma lao la zamani, karibu na makaburi ya wazee, wakaletwa kwa lori barabarani, kwenye nyumba zilizopangwa mstari. Watu wengi walichoka mwaka ule, kwa hiyo dada alipoanza kuamka na kichwa kinauma, amejifunga kitambaa kwa nguvu, hakuna aliyeshangaa. Likizo moja nilimkuta amekaa jikoni anasuka ukili wa mkeka, na kando yake chungu cha kunde kinaungua mpaka moshi umekuwa mweusi.

"Dada, husikii harufu?"

"Harufu gani?" akaniuliza, na aliniuliza kweli.

Niliepua chungu, nikakikwangua, nikamsema kidogo, nikasahau. Laiti ugonjwa uliokuwa ukimwingia ungepiga kelele.

Sasa nieleze jambo la utani, maana bila hilo hadithi hii haieleweki. Ukoo wa baba yetu na koo nyingi za upande ule wa Kisarawe ni watani. Msibani mtani ana kazi yake maalumu: kuwatoa watu kwenye kilio. Atamwigiza marehemu, atawatukana wafiwa, atazuia jeneza lisitoke mpaka apozwe kwa chochote, na sheria yake ni moja, kwamba mtani hanuniwi. Akikutania ukakasirika, mwenye kosa ni wewe. Dada alikuwa mtani wa kijiji kizima kwa haki ya kuzaliwa, na kwa miaka yote aliyoishi pale hakuwahi kuitumia haki hiyo. Misibani alifagia uwanja na kuteka maji.

Basi akafa mzee mmoja aliyejulikana kwa mikutano. Kila mkutano wa kijiji mzee yule alisubiri ajenda zote ziishe, mwenyekiti akitaja mengineyo tu, yeye anasimama, na akisimama hakai mpaka jua linakuchwa. Mimi nilikuwepo siku ya mazishi yake. Wanaume walinyanyua jeneza, wanawake wakaangua kilio, na mara dada yangu, yule yule wa kufagia uwanja, akaenda kusimama katikati ya mlango akatanua mikono.

"Taratibu jamani," akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Mnakimbilia naye wapi? Mzee hajafika kwenye mengineyo."

Waliobeba wakasimama. Kisha mjane mwenyewe akaanza kutikisika ndani ya kanga zake, tukadhani analia, kumbe anacheka. Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Waliobeba jeneza ilibidi walishushe, maana mikono ilikuwa imewaishia nguvu. Watu walisema, afadhali, damu ya utani imeamka, ilikuwa imelala tu.

Tangu hapo dada akawa mtu wa kualikwa. Watu wa vijiji vya jirani wakifiwa walimtuma mtu aje amchukue. Katibu mmoja wa chama alikuja kuwahimiza watu walime, mtu mnene mwenye sauti nzito, na dada akainua mkono kama mwanafunzi mwenye adabu. Pale palikuwa na shamba la kijiji upande mmoja wa barabara na mashamba ya binafsi upande wa pili. "Ndugu katibu," akauliza, "tumbo hilo ni la kijiji au la binafsi?" Katibu alicheka mpaka akavua miwani. Angefanya nini? Mtani hanuniwi.

Nami nilifurahi. Nilimwonea hata wivu kidogo, maana uchekeshaji katika familia ulikuwa wangu. Usiku wa likizo zile nilienda kulala mbavu zinauma kwa kicheko, najiambia dada yangu amepona uoga. Nilirudi Visiga nikawasimulia walimu wenzangu maneno yake yote, nao wakawa wananiuliza kila nikitoka safari, dada yako amesema nini tena.

Kilichonigeuza kilitokea mchana kweupe, jikoni. Mwanawe wa mwisho, binti mdogo, aliteleza akashika kikaango kilichokuwa mekoni. Kelele aliyopiga mtoto yule naisikia hadi leo. Dada alikuwa karibu naye kuliko mimi. Aliutazama mkono wa mwanawe, akasema, "Umeiva huo. Nani ana chumvi?"

Nilingoja ainuke. Hakuinuka. Nikamrukia mtoto, nikautumbukiza mkono wake kwenye mtungi wa maji, na niliporudi na hasira zangu zote mdomoni nikaona kanga ya dada imelowa, na sakafu ya udongo chini yake imelowa. Aliona ninatazama. "Mwaka huu mvua imeanzia chini," akasema, akacheka.

Hapo nikaogopa. Nilimtazama machoni, nikatafuta yule mtu wa kutazama chini, sikumkuta. Utani una mahali pake pa kuishia, na mtani mzuri anapajua kuliko mtu yeyote. Anakusogeza mpaka ukingoni halafu anakushika mkono. Huyu aliyekaa mbele yangu alikuwa haoni ukingo. Tangu siku ile nilitaka jambo moja tu, nijue aliyekaa pale ni nani, na dada yangu amepelekwa wapi.

Haikupita muda akaja baba mkwe. Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Mwanamke akisikia sauti ya baba wa mumewe anajifunika, anapiga magoti pembeni, anasalimia kwa chini, na utani wote duniani unaishia mlangoni pa mkwe. Dada alitoka ndani kichwa wazi, akasimama wima, akamtazama yule mzee kuanzia kofia hadi viatu. "Shikamoo baba," akasema. "Kanzu hiyo imekuzidi. Mwenyewe akifufuka akaja kuidai, utarudi nyumbani na nini?"

Hakuna aliyecheka. Mzee alikuwa amekwisha kuinama ili aketi. Akajiinua, akageuka, akaondoka bila kuitikia. Shemeji alibaki ameshika kigoda. Ijumaa ile wazee wa upande wao wakakaa, wakakata shauri: mwanamke huyu atatibiwa, na akishindikana atarudishwa kwao, na watoto watabaki kwa baba yao. Nilijua watoto wale wakibaki, dada yangu akipona siku yoyote atakuta hana kitu cha kuponea.

Kila mtu alikuwa na sababu moja. Wamehama, wameacha makaburi ya wazee porini bila mtu wa kuyafagia, na wazee wamekasirika, wamemwingia aliye mpole kuliko wote. Sababu ilikuwa nzuri. Hata mimi mwalimu, niliyekuwa nafundisha watoto mzunguko wa damu ubaoni, niliiona nzuri. Akaitwa mganga mwenye ngoma za madogoli, zile zinazopigwa kwa wenye pepo ili pepo apande kichwani, ajitaje, aseme anataka nini. Walipiga alasiri nzima. Ngoma zile si mchezo. Mimi nilikuwa mzima na nilihisi mgongo unataka kuondoka bila mimi. Dada alikaa katikati na kitambaa kichwani, anatikisa kichwa kwa mapigo, na mganga akamwinamia akauliza, "Nani wewe? Jitaje! Umetoka wapi?"

"Mie sijui," dada akajibu kwa sauti nene. "Nilipakiwa kwenye lori pamoja na vitanda. Sikuulizwa."

Mpiga ngoma mkubwa akapoteza mapigo. Watu waliokuwa wamehamishwa na malori yale yale walicheka, wakajizuia, wakacheka tena, na mganga akapandwa na hasira. Akaziamuru ngoma zinyamaze. "Huyu hana pepo," akamwambia shemeji mbele ya watu wote. "Pepo anadai. Atadai ubani, atadai kitambaa chekundu, atadai mbuzi. Huyu tangu mchana hajadai hata maji. Mimi sipigii ngoma mtu anayenichezea. Mpelekeni kwingine." Akafunga vitu vyake. Alikuwa amekasirika kweli, na nilimchukia kwa maneno yale. Nilikuja kufikiri baadaye kwamba angeweza kukaa akala kuku zetu mwezi mzima.

Zahanati walikwisha kumpa vidonge vya kutuliza akili, navyo vilimlaza tu mchana. Nikamfuata shemeji shambani, alikokuwa anajifanya anapalilia mihogo isiyo na magugu.

"Shemeji, nipe dada yangu nimpeleke Kibaha. Pale kuna kituo cha afya na kuna daktari."

Alipalilia mstari mzima bila kuinuka. "Mchukue, shemeji," akasema. "Lakini umrudishe yeye. Usije ukanirudishia huyu."

Daktari wa Kibaha alikuwa kijana, ametoka masomoni karibuni, koti lake bado lina mikunjo ya kukunjwa dukani. Nilimdharau, nakiri. Dada aliingia kwa kugonga bega kwenye fremu ya mlango, kama alivyokuwa akigonga kila mlango siku zile, akaketi akatabasamu.

"Leo ni siku gani, mama?"

"Siku ya foleni."

"Na mwezi je?"

"Wa foleni pia."

Wakati huo sabuni foleni, sukari foleni, na daktari mwenyewe lazima alikuwa ametoka kwenye foleni asubuhi hiyo. Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akanigeukia. "Dada yako ndivyo alivyo siku zote, mcheshi hivi?"

"Dada yangu?" nikasema. "Huyu alikuwa haongei."

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza kuhusu kichwa, kutapika, macho, kujikojolea, na kila alilouliza nilijibu ndiyo, mpaka nikaona aibu kwa jinsi mambo yale yote yalivyokuwa wazi na sisi tukacheka tu. Halafu akafanya jambo la ajabu. Alimwambia dada afumbe macho, akamziba pua upande mmoja, akamsogezea kipande cha sabuni. "Harufu ya nini?" Hakuna. Akabadilisha upande. Hakuna. Akatuma karafuu iletwe, akaipondaponda; mimi niliyekaa kule ukutani niliisikia. Dada hakusikia. Mwisho akachovya pamba kwenye mafuta ya taa, chumba kizima kikanuka taa.

"Daktari, unaninusisha hewa tupu," dada akasema. "Au hewa nayo imeanza kugawiwa?"

Chungu cha kunde kikanijia. Moshi mweusi, yeye anasuka ukili, ananiuliza harufu gani. Nilikuwa nimesimama ndani ya moshi wa ugonjwa ule nikakwangua chungu.

Daktari akavuta pazia, akachukua kitaa kidogo chenye tundu, akamsogelea dada mpaka nyuso zao zikakaribia kugusana, akamchungulia jicho moja kwa muda mrefu, kisha la pili. Alipoinuka uso wake haukuwa wa kijana tena. Akaniambia kwamba nyuma ya jicho kuna mshipa mnene unaotoka kwenye ubongo moja kwa moja, na ukiwa na kitaa kile unauona mwanzo wake. Wa jicho moja umevimba na wa jingine umefifia. Ndani ya kichwa kuna kitu kinakua, kinasukuma. "Hapa," akasema, akamgusa dada kwa kidole juu ya pua, katikati ya nyusi, taratibu, kama mtu anayegusa tunda asijue kama limeiva.

Mimi si mtu wa kukubali haraka. "Daktari, unataka kuniambia mtu anamtukana mkwewe kwa sababu ya uvimbe?"

"Mwalimu," akasema, "wewe ukitaka kumwambia mtu neno baya, kinachokuzuia ni nini?"

"Malezi," nikajibu.

"Sawa. Na malezi yanakaa wapi?"

Siku zote nilidhani malezi yanakaa kwa mama, kwenye fimbo yake na sauti yake, kwenye madrasa, kwenye macho ya majirani. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba yana chumba chao mwilini, nyuma ya paji la uso, na kwamba kitu kinaweza kuota kwenye chumba hicho. Ile haya ya mwanamke wa Kisarawe mbele ya mkwewe, jambo kubwa vile, ilikuwa imewekwa mahali ambapo kidole cha daktari kinaweza kuonyesha. Niligusa paji langu mwenyewe.

Akatuandikia twende hospitali kubwa Dar es Salaam. Kule walimchoma dawa ya rangi kwenye mshipa wa shingo, wakampiga picha ya kichwa, na daktari mpasuaji, mgeni aliyesema Kiswahili cha kuungaunga, akaibandika picha dirishani ili mimi na shemeji tuione kwa mwanga wa jua. Hapo nilimwona dada yangu kwa ndani. Niliona meno yake ninayoyajua, mashimo ya macho yake, na mishipa ya damu imetawanyika kichwani kama mizizi ya mhogo ardhini. Na pale mbele, juu ya macho, mizizi ilikuwa imejipinda, imepita kando, imezunguka mahali fulani kama inavyozunguka jiwe. Jiwe lenyewe halikuonekana. Tuliliona kwa adabu ya mishipa iliyolipisha njia.

Mpasuaji hakutudanganya. Alisema anaweza kufa mezani. Anaweza kuamka kipofu. Na hata akiamka salama, anaweza kuamka mtu mwingine, msiyemjua.

Shemeji akavuta karatasi ya ruhusa. "Huyo ndiye tunaye sasa," akasema, akatia dole gumba.

Asubuhi ya upasuaji walikuwa wamemnyoa kichwa. Nilimshika mkono tukitembea kando ya kitanda cha magurudumu, nalia bila kujificha, na yeye akaniita nisogee. "Wakifungua humo wakakuta sukari," akaninong'oneza, "waambie wanyamaze. Foleni itafika Kibaha." Nilicheka huku machozi yananiingia mdomoni. Nilijua kinachosema ni kile kinachokwenda kutolewa, na bado nilicheka, maana kilikuwa kinachekesha.

Tulikaa uani, mimi na shemeji, mpaka vivuli vikahama upande. Mpasuaji alipotoka alikuwa amechoka hata mikono inaning'inia. Yuko hai, akasema. Akatuonyesha chupa. Ndani yake kulikuwa na kitu cha kijivu, kigumu, cha ukubwa wa limau. Hakikuwa saratani, alisema, ni uvimbe wa ngozi inayofunika ubongo, unaokua polepole sana, na huenda ulianza miaka mingi kabla hatujaona kitu.

Nilikitazama kile kilimau mpaka shemeji akanivuta mkono. Hakikuwa na sauti. Hakikuwa na mzaha wowote ndani yake, nyama tupu. Na ndicho kilichosimama mlangoni kikazuia jeneza, kikamfanya katibu avue miwani, kikampotezea mpiga ngoma mapigo. Kilimwondoa mzee mwenye kanzu yake bila salamu. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimeona televisheni na nimeona watu wakiongea na walio ng'ambo kwa kitu cha mfukoni, na sijaona kitu kilichonishangaza kama chupa ile. Nilimwomba Mungu msamaha bila kujua kwa kosa gani. Nadhani ni kwa kutojua jinsi alivyotuunda kwa vitu vidogo.

Dada alirudi taratibu. Kwanza alilala tu. Kisha akafungua macho, akawa anafuata watu kwa macho, asiseme. Nilimwosha, nikamlisha uji, nikamwambia habari za Visiga kama zamani, na sikujua ninayemwambia ni nani. Siku moja mchana nilikuwa namfuta mgongo kwa kitambaa cha maji, na mfagiaji wa wodi, mwanaume, akaingia na ndoo yake. Dada akanishika kiganja.

"Mdogo wangu," akasema. "Nifunike. Kuna mwanaume."

Nilivuta shuka nikamfunika mpaka shingoni, nikamfunika tena juu yake na kanga yangu, kisha nikaketi sakafuni nikalia kwa sauti. Muuguzi alikuja mbio akidhani mgonjwa amenifia mikononi.

Alirudi Kisarawe. Aliomba radhi kwa mkwewe akiwa amepiga magoti nje ya mlango, na mzee alimwitikia kutoka ndani kwamba aliyesema si yeye, nalo likaisha. Mkono wa binti yake lilikuwa jambo jingine. Aliushika, akalitazama kovu, akalia mpaka binti akaanza kumbembeleza yeye. Harufu haikurudi, daktari alisema mishipa ile imekufa, basi wali wake ulikuwa unanuswa na watoto. Shemeji aliniletea kuku watatu Visiga, kwa miguu na kwa basi, akaniambia tu, "Ndiye." Akaondoka siku hiyo hiyo.

Lakini kijiji kilipungukiwa. Ulipotokea msiba mwingine watu walimtazama dada, wakangoja. Dada akachukua ufagio. Mama mmoja wa jirani alinisogelea, akanilalamikia kwa kweli kabisa: "Mwalimu, nyie mlimtibu sana." Nilimjibu vibaya, kama kawaida yangu. Njiani narudi nikajikuta namkumbuka yule mwingine, yule wa mlangoni, kwa uchungu wa mtu aliyefiwa. Sikuthubutu kumwambia yeyote. Dada yangu yuko hai, anaona, ana watoto wake, nami nalilia uvimbe.

Tuliwahi kulisema jambo hili mara moja tu. Ulikuwa msimu wa korosho, tumekaa kibarazani pa jiko lake, tunabangua. Nywele zake zilikuwa zimeota tena na kovu limejificha. Nikaanza kumsimulia mambo aliyoyasema wakati ule, nikidhani yamefutika. Nikafika kwa yule mzee wa mikutano.

"Hajafika kwenye mengineyo," dada akamalizia, kwa sauti ya chini.

Nikasimamisha jiwe hewani. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Basi nieleze, dada. Maneno yale ulikuwa unayatoa wapi?"

Alitazama chini, akafikiri. "Nilikuwa nayo," akasema.

"Tangu lini?"

"Siku zote. Tangu tuko wadogo. Wewe ukiongea, mimi natunga." Akagonga korosho, akaitoa nzima, akaiweka kwenye ungo. "Lile la mengineyo nilimtungia mzee yule angali hai. Niko mkutanoni, nimekaa nyuma na wanawake. Nilikuwa sisemi tu."

Nilimtazama mwanamke yule niliyelala naye kitanda kimoja utoto mzima. Miaka yote ile nammwagia maneno yangu, najiona mchekeshaji wa nyumba, naye amekaa kimya na ghala limejaa. Kilimau hakikuleta kitu. Kiliegemea tu mlango, ukafunguka.

"Na sasa yako wapi?" nikamuuliza.

"Yapo."

Akainua macho akanitazama, mimi na gauni langu jipya la kitenge nililoshona kwa ajili ya safari ile, lenye mabega yaliyoinuliwa kama walivyokuwa wakivaa mjini. Alinitazama bega la kushoto, akanitazama la kulia. Midomo ikamtetemeka, akaibana, akarudisha macho kwenye ungo.

"Nini?" nikasema. "Dada, nini?"

"Hamna kitu, mdogo wangu," akasema. "Nisogezee korosho."